Mtihani wa Kwenda Kinyumenyume

Mwalimu wa udereva anayejulikana mtaani kama Taratibu hakuwahi kubadilisha oili ya giaboksi ya gari lake la otomatiki. Muuzaji alimwambia oili hiyo ni ya maisha, naye si mtu wa kubishana na habari njema. Fundi wake alijaribu. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akamwonyesha doa jeusi lenye harufu ya kuungua.

"Hii huwa nyekundu, mzee. Kilomita elfu sitini hivi, unabadilisha. Gari la wanafunzi, mapema zaidi."

"Muuzaji alisema ya maisha."

"Maisha ya giaboksi. Ikifa, hakukudanganya."

Sikio la kufa halisikii dawa. La Taratibu lilikuwa zima kabisa, ila muuzaji alikuwa amewahi kufika.

Asubuhi ya mtihani wa shemeji yake, mdogo wa mkewe, gari liligoma kwenda mbele. Likiwekwa D, lilinguruma na kutulia kama mgeni aliyeambiwa chakula kiko jikoni. Likiwekwa R, lilirudi nyuma vizuri. Kwenye simu, fundi alisema klachi za kwenda mbele zimeungua, na oili mpya sasa ni uji kwa maiti.

Shemeji alikuwa ameahidiwa kazi ya kuendesha gari la kiwanda cha mikate, mradi awe na leseni ifikapo Jumatatu.

"Basi tunakwenda hivyo hivyo," alisema, akageuza shingo.

Walifika uwanja wa mtihani kinyumenyume. Mkaguzi, mtu wa kanuni, alilizunguka gari akiwaza.

"Kanuni inataka gari liende," alisema mwishowe. "Haisemi litangulize nini."

Shemeji akakata kona, akasimama kwenye kivuko, akapanda mlima, shingo imepinda kama ya bata aliyelala. Taratibu, kwenye kiti cha nyuma ambacho sasa kilikuwa cha mbele, alilala chali asizibe barabara.

"Vizuri," mkaguzi alisema. "Bado kurudi nyuma. Liingize kati ya vile vigingi."

"Si nimekuwa nikirudi tangu tuanze?"

"Hapana, dada. Huko kulikuwa kwenda, na nimeshaandika. Sasa rudi."

Kurudi kulikuwa ni kuelekea upande ule ule ambao gari lilikuwa limeukataa. Shemeji alitazama vigingi, akatazama saa, akaweka N, gia huru.

"Shemeji, shuka usukume."

"Mimi? Na mgongo huu?"

"Mgongo wako, oili yako. Shuka."

Taratibu akashuka, akaweka mabega kwenye buti, akasukuma. Shemeji akashika usukani kwa utulivu wa mtu anayeendeshwa na mume wa dada yake, akaliingiza gari katikati bila kugusa kigingi.

Mkaguzi akaandika kuwa amefaulu. Kisha akamwendea Taratibu, aliyekuwa ameegemea buti akihema, akampa onyo kwa kubadili mwelekeo wa gari bila kutoa ishara.