Mama Aliyekataa Kutia Sahihi

Jumamosi, langoni mwa Mlima Longonot, nilimwona mama mmoja wa mashamba ya maua Naivasha akimrudishia mwalimu fomu ya ruhusa ya klabu ya mazingira ya shule bila kuitia sahihi. "Huyu ako na pumu. Hapandi."

Bintiye hakulia. "Basi twende wote, mum. Dawa ya kuvuta niko nayo. Nikichoka tutarudi."

Mwalimu alikubali. Walipanda polepole, nami, mzazi mwenzake, nikiwa nyuma yao. Kufika juu ukingoni mwa kreta, mama ndiye aliyekuwa akihema. Akaelekeza kidole bondeni. "Miaka tisa nafanya kazi kwa zile nyumba za plastiki za maua. Sikujua ziwa liko karibu hivyo."

Binti akampa maji. Wazazi tunawakataza watoto kwenda mahali ambapo sisi wenyewe hatukuwahi kupelekwa.