Nilivyompa Mwizi wa Sinema Maisha Marefu

Nianze na lililo baya kabisa, ili anayetaka kunichukia anichukie mapema. Nilimharibia rafiki yangu maisha kwa ajili ya sinema, na sinema yenyewe wakati huo mwisho wake nilikuwa sijauona. Jina langu silitaji. Iringa ni mji mdogo na bado nanunua nyama bucha lile lile.

Rafiki huyo nitamwita Eliya. Tuliimba besi pamoja katika kwaya ya kanisa. Mimi nilikuwa fundi viatu pale Mlandege, yeye alikuwa anangoja barua ya mzee wa kanisa ya kuthibitisha tabia yake, aende chuo cha ualimu. Tena nilikuwa nimemposa dada yake, Tumaini. Kwa hiyo alikuwa shemeji yangu, na alinitendea kama shemeji.

Mwaka huo kwaya yetu ilialikwa Mbeya. Jumamosi mchana, wenzetu wakiwa wamepumzika, mimi na Eliya tukachomoka kwenda sinema, onyesho la saa tisa. Wanakwaya tulikatazwa sinema. Tuliambiwa kule shetani ndiye anayekata tiketi. Tulipofika tukamkuta mama mmoja mnene, mpole, anafuma sweta.

Picha ilikuwa ya jamaa mmoja mwizi wa mabenki. Hacheki, haogi, hasemi asante. Anampiga mtu risasi, halafu anakaa kumalizia chakula cha yule mtu. Nilimpenda papo hapo.

Tatizo ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekula maparachichi matano na mtindi wa kutosha ndama wawili. Picha ilipofika katikati, tumbo likaniita. Nikaenda chooni, na huko nikakaa mpaka watu walipoanza kutoka. Eliya alinifuata mara moja tu, kuniletea maji kwenye kopo, akarudi kutazama. Njiani kurudi aliniahidi, "Shemeji, hili la choo halitoki mdomoni mwangu."

Na halikutoka. Hapo ndipo ubaya wangu unapoanzia.

Tuliporudi Iringa, habari za picha hiyo zilikuwa zimeshafika mjini. Kila jioni vijana walikusanyika kwenye baraza la fundi cherehani mmoja tuliyemwita Baba Sikujua, wakibishana juu ya mwizi ambaye hawajamwona.

"Anaiba benki za mabepari," alisema Baba Sikujua, akikanyaga cherehani. "Huyo ni mjamaa."

"Mjamaa gani anakula peke yake?" akauliza mwingine.

"Anajitayarisha. Atagawa baadaye."

Mimi ningenyamaza. Lakini nina mdomo ambao haujawahi kukaa kando wakati watu wanasikiliza mtu mwingine. Nikasimama, nikawasimulia picha nzima. Nusu ya kwanza nilisimulia nilichokiona. Nusu ya pili niliitunga pale pale. Nikampa farasi, nikampa mto wa kuvuka, nikawaua polisi kumi na wanne. Mwisho nikamfanya apande kilima, awashe sigara, aondoke bila kugeuka. Watu walipiga makofi. Baba Sikujua aliacha cherehani yake, jambo asilolifanya hata kwa msiba.

Eliya alikuwa amesimama pembeni. Akasema kwa upole, "Hapana. Yule bwana anakufa. Anapigwa risasi na mjane wa mtu aliyemuua mwanzoni."

Baraza zima likamcheka. Kila mtu alijua kwamba stelingi hafi. Tena auawe na mwanamke?

Angeweza kusema, "Huyu alikuwa chooni." Maneno matatu tu. Alinitazama, akayameza. Na mimi, badala ya kushukuru, nikaona hiyo ndiyo nafasi.

"Msimsikilize," nikasema. "Huyu alilala. Alikoroma mpaka watu wakamtupia maganda ya machungwa."

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Tangu siku hiyo Eliya akaitwa Ndoto. Akisema mvua inakuja, wanamwambia, "Umeota." Akisema bei ya sukari imepanda, "Umeota, Ndoto." Nami nilicheka nao, kila siku, kama mjinga.

Kelele hizo zikamfikia mzee wa kanisa. Alituita wote wawili nyumbani kwake, akatukalisha kwenye viti vigumu.

"Nasikia mlikwenda sinema Mbeya."

"Ndiyo, mzee, tulikwenda," Eliya akajibu. "Tulikosa."

Mzee akanigeukia. "Na wewe?"

Nikaona kwaya inaniponyoka. Nikaona posa yangu inarudishwa, kwa maana baba yake Tumaini alikuwa mtu wa kanisa kuliko kengele yake. Nikasema, "Mzee, mimi sikukanyaga huko. Hadithi ile niliisikia kwa madereva wa malori. Siku ile nilikuwa nimelala, naumwa tumbo."

Tumbo ndilo jambo pekee la kweli nililosema.

Eliya akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayemtazama mbwa wake mwenyewe akimng'ata. Mzee akauliza watu wa barazani, nao, kwa kupenda hadithi yangu, wakanificha, wakamwambia tu kwamba Eliya ana tabia ya kuzua mambo. Basi ikaamuliwa. Kwenda sinema kungesamehewa, alisema mzee, lakini kumsingizia mwenzako uongo ni tabia isiyofaa mbele ya watoto. Barua haikuandikwa. Chuo kikajaa bila yeye.

Mwezi ule ule Eliya akachukua jembe na blanketi, akaenda Usangu kulima mpunga. Aliniaga. Alinipa mkono, akasema, "Mtunze Tumaini."

Miezi ikapita, picha ikaja Iringa. Mji mzima ulikwenda, hata wanakwaya kwa kujificha, na mimi nilikwenda, kwa sababu kutokwenda kungewafanya watu wa barazani waishuku hadithi yangu. Nilikaa nyuma kabisa. Ndipo nilipouona mwisho wake kwa mara ya kwanza. Mjane akampiga risasi akiwa anakula, uso ukaingia kwenye sahani. Nikiri na hili pia: ulikuwa mwisho mzuri kuliko wangu.

Taa zilipowaka, baraza zima la Baba Sikujua liligeuza shingo kunitafuta. Nikatoka mbio. Mlangoni nikamkuta Tumaini. Sikujua kwamba naye alikuja.

"Amekufa," akasema.

"Ndiyo."

"Kaka alisema anakufa."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siku ile wewe ulikuwa wapi?"

Nikamweleza yote, na maparachichi. Alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikadhani nimepona. Kisha akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Kwa hiyo kaka yangu yuko kwenye matope Usangu," akasema, "kwa sababu wewe uliona haya kusema ulikuwa unaharisha."

Wiki iliyofuata mahari ikarudishwa, yote, pamoja na blanketi la bibi yake.

Nilikwenda kwa mzee wa kanisa nikatubu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Huyo mwizi alitubu kabla ya kufa?" Nikamwambia alikuwa na chakula mdomoni. Akatikisa kichwa, akaandika barua ya Eliya, kisha akaandika nyingine ya kunitoa kwenye kwaya.

Barua nikaipeleka Usangu mwenyewe. Eliya nilimkuta shambani na majirani zake Wasukuma, wanapalilia. Aliisoma akiwa amesimama kwenye maji, akaikunja.

"Chuoni sasa wanachukua vijana wa chini ya umri wangu tu," akasema. "Lakini nimefurahi imeandikwa."

"Nisamehe, shemeji."

"Nimekusamehe zamani. Ila shemeji usiniite tena."

Alinipa jembe, nikapalilia naye siku mbili. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akarudi kabla basi halijafika.

Tumaini aliolewa Ilula. Mimi bado nashona viatu, na watu bado wananiletea, kwa kuwa mguu haujali tabia ya fundi. Barazani kwa Baba Sikujua nakaribishwa, nakaa, nasikiliza. Picha mpya zikija wanabishana nani mwema na nani mbaya, na mtu akiniuliza nasema sijui.

Ninyi mnaosoma, pendeni wezi wa kwenye sinema mnavyotaka, hawana ubaya. Wanakufa, taa zinawaka, mnakwenda nyumbani. Lakini ukiwa na rafiki anayeificha aibu yako, usimtupie yeye. Ataibeba kweli, na hutaweza kumnyang'anya tena.