Baba Ameosha Steki Yangu

Baba leo ameosha nyama niliyomchomea. Mezani. Kwa maji ya kunywa.

Amekuja jana kutoka kijijini kwetu Buswahili, nikasema mzee lazima ale steki. Nikaipaka pilipili kichaa, tangawizi na kitunguu saumu tangu asubuhi, kama alivyokuwaga anafanya marehemu mama nikiwa mdogo. Ladha ile nimeitafuta miaka yote, jamani. Leo nikaipata.

Baba akatafuna kidogo, akaacha. Akaniuliza polepole:

"Huyu ng'ombe amekufa na nini?"

Nikacheka. Nyama nimenunua buchani hapa Mwisenge, leo hii hii!

Yeye akaanza kunisimulia.

Kwetu nyama nzuri inachomwa na chumvi tu, hilo nalijua. Nilichokuwa sijui ni hiki: ile miaka ya shida, josho la kuogeshea ng'ombe lilikosa dawa ya kupe, ng'ombe wetu wakaisha kwa ugonjwa wa ndigana mmoja mmoja. Mama akawa anazipaka viungo nyama za vibudu, hao ng'ombe waliojifia, sisi watoto tusisikie harufu.

"Wewe ulikuwaga unashangilia," baba akasema. "Mama yako anageukia ukutani."

Akamimina maji juu ya kipande chake, akakisugua kwa kidole, akaomba chumvi.

Nimekaa hapa nje, jiko limeshapoa. Sikukuu zangu zote za utotoni, kumbe zizi letu lilikuwa linakufa.

Nyie mama zenu walificha nini kwenye sufuria? Waulizeni wakiwa hai.