Sufuria Isiyolala Tupu

Mama mkwe wangu alikuwa na hoteli ya mabati pale Malaba, karibu kabisa na forodha, na imani moja: sufuria ya mchuzi wa samaki hailali tupu. Kila jioni alibakiza mchuzi chini, na asubuhi akaongeza samaki wapya, ngege kutoka Port Victoria. "Ukimaliza yote," aliniambia, "hata customer watamalizika." Mimi niliyeolewa juzi ningesema nini? Nilikoroga.

Na kusema kweli, mchuzi ule ulikuwa mtamu ajabu. Miaka ile ya sabini, madereva wa malori waliokuwa wakingoja karatasi zao zigongwe muhuri waliulizia "ule wa jana" hata kabla ya kukaa.

Kisha mvua ikanyesha usiku kucha, kuni zikalowa, na asubuhi moto ukakataa kushika vizuri. Mchuzi uliolala ukapashwa tu, haukuchemka. Madereva walikula wakajilamba vidole. Kufikia alasiri karatasi ziligongwa na njia ikafunguliwa, lakini hakuna lori lililosogea: madereva walikuwa vichakani, wameshika matumbo. Nilicheka, Mungu anisamehe, mpaka nilipomwona utingo mmoja, mtu wa makamo kutoka ng'ambo ya mpaka, Uganda, akibebwa juu juu kupelekwa zahanati, macho yameingia ndani. Hapo kicheko kikaniisha. Lori la ndizi alilokuja nalo yeye na dereva wake lilibaki juani. Ndizi zikaiva, zikaoza, na tajiri wao akatuma maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Majirani walisema ni uchawi. Mama mkwe alikubali upesi mno, maana ni rahisi kumlaumu mchawi kuliko sufuria yako mwenyewe. Mimi nilijua ni sufuria. Nilichemka kwa hasira, lakini kwetu mke wa mwana hamfundishi mama wa mume kupika.

Aliyemfundisha ni mke wa utingo. Alikuwa amevuka mpaka kuja kumuuguza mumewe, na mama mkwe alipowapelekea uji pale zahanati, yule mke alimzuia mlangoni.

"Nyabo," alimwita, yaani bibi kwa lugha ya kwao, "wewe onja kwanza."

Mwenye pombe huionja mbele ya mgeni, ili mgeni ajue haina sumu. Hilo tunalijua sote. Lakini mpishi kuambiwa aonje uji wa mgonjwa! Mama mkwe alikunywa nusu kikombe huku machozi yakimtoka. Aliporudi alimwaga mchuzi wote nyuma ya nyumba, akaisugua sufuria kwa mchanga mpaka ikang'aa. Nilimpenda siku ile.

Tangu hapo, kila mchana alipika upya, akaweka meza mlangoni na kula sahani ya kwanza barabara nzima ikimwona. Hakuna aliyeingia. Madereva walipita wakienda kwa jirani wa chapati, wakimtania: "Mama, siku hizi unajipikia mwenyewe?" Alitafuna tu. Alizidi kunenepa huku biashara ikikonda, na nyumbani tukaanza kuzungumza habari za kuuza viti.

Ndipo yule utingo akaja, suruali ikimpwaya, mkewe nyuma yake. Alisimama akimtazama mama mkwe anavyokula. Kisha akavuta kiti, akanawa mikono.

"Mama, hiyo umeonja ya kutosha. Bakisha yangu."

Akamega ugali kutoka sahani ile ile, akachovya. Mkewe akanitazama, kisha naye akanawa.