Wataalamu wa Garsen

Ulimwengu na ujulishwe rasmi kwamba mabadiliko ya hali ya hewa yana mwandishi wake hapa Garsen, na kwamba huvaa ndara. Habari zake huwasomea wahariri wa gazeti lake Nairobi kwa simu ya posta, kwa makelele, kidole sikioni, lakini kila afikapo kwenye neno "wataalamu" huteremsha sauti, kama mtu anayepita mbele ya msikiti mchana wa Ramadhani akitafuna ndizi. Mtaalamu wake ni mmoja tu: Kadra, muuza maziwa wa mlangoni pa posta, aliyemwambia kabla ya mafuriko ya El Nino kwamba ng'ombe wamekataa kushuka mtoni, na kwamba mvua siku hizi haijui msimu wake.

Gazeti lilipofika, Kadra akasomewa, akashika kiuno. "Wataalamu gani? Maneno yangu hayo! Chifu alinicheka mbele ya watu nilipoyasema. Leo ningemwonyesha jina langu, akome!"

Mwandishi akajikuna shingo kwa kalamu, kama afanyavyo kila akibanwa, kisha akamsomea mstari ulio chini ya kichwa cha habari: "Na Mwandishi Wetu, Nairobi."

"Mama Kadra," akasema, "hapo hata mimi simo."