Debe Lililocheza

Mjukuu wangu Neema akirudi kutoka kazini mkahawani huingia na harufu ya kahawa nyweleni, na hasira hunipanda kabla hajavua viatu. Mnaoipenda harufu hiyo mnisamehe. Hapa Toronto wanailipia. Mimi nililelewa nayo ikiwa mbichi, tamu ya kuchacha, kwenye shamba la bwana mmoja ambaye hatukuwahi kumwona.

Mama alichuma kahawa yake. Kibarua kilikuwa madebe mawili kwa siku. Yakipungua, hata kwa kiganja, siku haikuandikwa wala kulipwa. Jioni nyapara alilishika debe ukingoni, akalitikisa, akalipiga teke, kahawa ikashuka. Sisi watoto tulisema debe linacheza. Tulipiga makofi, naye akazidisha, maana alikuwa mcheshi, shetani yule.

Mwalimu alikuwa amesema ada isipotimia, nisirudi darasani. Ilibaki siku moja tu ya mama kuandikwa ili itimie. Alichuma bila kula, madebe yote mawili yakajaa hadi kilele. Nyapara akatikisa. Nikapiga makofi kuliko wote.

"Cheza, debe, cheza!"

"Mama Rehema, limepungua," akasema nyapara. "Hata mwanao kaona."

"Limepungua au umelipunguza?"

"Kesho uwahi."

Mama akanizaba kofi, la kwanza na la mwisho maishani. Nikadhani kelele zangu ndizo zilizomuudhi. Shule ikaishia hapo, darasa la tatu. Nilicho nacho nimekipata kwa ufagio. Nimesugua maofisi ya Richmond Hill mpaka nikaajiri wenzangu, na saa zao naziandika tangu wanaposhika ndoo. Sioni haya kujisifu.

Juzi Neema kaingia anacheka, kadi mkononi.

"Bibi, mimi ndiye mfanyakazi bora wa mwezi!"

"Umefanya nini?"

"Nafika nusu saa kabla. Nasugua mashine, napanga vikombe."

"Na hiyo nusu saa wanakulipa?"

"Aa, Bibi, saa inaanza mlango ukifunguliwa. Ni kawaida, kila mtu anafanya. Meneja alinitaja mbele ya wote, wakanipigia makofi."

Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe. Nikauona hewani, nikautambua: ulikuwa wa mama. Nikaushusha upesi, Neema akinitazama kama anayemtazama mwehu.

Miaka yote hii nilidhani kofi lile lilikuwa langu. Lilikuwa la nyapara. Ila nyapara ndiye aliyeshika kalamu, na mimi ndiye niliyekuwa karibu.