Mtutu wa Mwaka Hamsini na Moja

Reuben Tranter hakusoma shule. Herufi alizijua kwa kuzikuta zimegongwa kwenye chuma, moja moja, kiwandani. Ndiyo maana kila Oktoba, chama cha shabaha kilipofanya shindano la bunduki kongwe, yeye ndiye aliyewekwa mezani kuamua ipi iingie na ipi irudi nyumbani. Kanuni ilikuwa moja tu: mtambo wa kufyatulia na mtutu, vyote viwili viwe vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia.

Walikuwa wakipigia shabaha katika banda refu nyuma ya kiwanda cha minyororo. Bunduki zenyewe ni zile ndogo, za risasi nyembamba kama kalamu ya risasi. Siku ile zililetwa saba. Ya tano ilikuwa ya Hilda.

Hilda alikuwa mkewe. Walimzika Februari.

Aliyeileta ni Olive, mdogo wa marehemu. Alitaka kuipiga raundi ya kwanza kwa niaba ya dada yake. Jina la Hilda lilikwishaandikwa ubaoni kwa chaki, juu kabisa.

"Na hiyo utaifungua?" Cyril Danks aliuliza, kikombe cha chai mkononi. "Au mke wa hakimu hapekuliwi?" Mwaka uliopita Reuben alimkatalia bunduki yake mbele za watu, na Cyril hakuwa amesahau.

"Naifungua."

"Haya, mzee. Sheria ni msumeno."

Reuben alianza na mtambo. Namba, umbo la wenzo, kichwa cha skrubu ya ubavuni. Miaka ya thelathini, kama alivyosema baba mkwe siku ile anampa bintiye bunduki hii. Hapo hapakuwa na shaka. Lakini mtambo hudumu kuliko mwenye nao; mtutu ndio unaochakaa na kubadilishwa, na wengi hupotea hapo, wakasoma namba ya mtambo wakadhani wameisoma bunduki nzima.

Akashika bisibisi, akaondoa ubao wa mbele, ule unaofunika mtutu kwa chini. Miaka yote aliyoishi na bunduki hii hakuwahi kuutoa. Mtu ampime mkewe kwa lipi? Na Hilda mwenyewe hakuwahi kuingia shindano hili. "Mimi na ukongwe wapi na wapi," alikuwa akisema, na watu wakicheka.

Mtutu unapokazwa kwenye mtambo, fundi hupiga alama moja ikapita juu ya vyote viwili. Hapa zilikuwa alama mbili, na hazikukutana. Reuben akageuza mtutu kwenye mwanga wa dirisha. Kila mtutu hukaguliwa mjini kwa risasi nzito kabla ya kuuzwa, kisha hugongwa muhuri, na muhuri una herufi ya mwaka. Aliisoma mara tatu. Elfu moja mia tisa hamsini na moja.

"Shemeji, umesoma nini?" Olive aliuliza.

"Mtutu huu si wa baba yenu."

Olive akavuta kiti karibu, akashusha sauti. "Ule wa kwanza uliuua wewe."

"Mimi?"

"Mlipooana, si ulikuwa ukimsafishia kila Jumapili? Ufito wa chuma kitupu, unausukuma kwa mdomoni. Ukaula mdomo wa mtutu. Risasi zikawa zinatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Tukapanda basi, mimi na yeye, tukaweka mwingine. Akaniapisha."

"Angeniambia."

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, 'Anaimba akisafisha, Olive. Nikimwambia hataimba tena.'"

Reuben alitazama mikono yake. Aliendelea kuisafisha, ndiyo. Lakini mwaka huo huo Hilda alimletea ufito mpya wa mbao, akamfundisha kuupitisha kwa nyuma. Alidhani ni mtindo umebadilika.

Cyril alikuwa amesimama pale pale. Chai ilikuwa imepoa. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Wala sijaona. Rudisha ubao, Reuben. Mwache mama wa watu apate raundi yake."

Ilikuwa rahisi. Skrubu moja. Jina lingebaki juu, na hakuna ambaye angeuliza. Na mwakani angewatazama vipi hawa anaowarudisha?

Akavuta daftari. Akaandika polepole, maana kuandika kulimtesa. *Mtambo, kabla ya vita. Mtutu, 1951. Haiingii.* Kwa kawaida aliishia hapo. Leo akaongeza mstari: *Wa kwanza uliharibiwa na mumewe.*

Olive akasoma begani kwake. "Hilo hakuna aliyekuuliza, shemeji."

"Najua."

Cyril akaenda ubaoni, akafuta jina kwa kiganja, taratibu. Kisha akageuka. "Olive, njoo huku kwa waliokataliwa. Mwaka mzima niko peke yangu."

Olive akacheka huku anajifuta pua. Reuben akaufunga ubao wa mbele, akaikaza skrubu, akampa bunduki kwa mikono miwili. Akaivuta ya sita.